Bajaji ya Mkwe Inayolalia Kushoto

Bajaji ya mkwe wangu ilikuwa haiendi mbele. Ilikuwa inaenda upande, kama mbuzi anayekokotwa mnadani na hataki. Ukisimama mbali unaiona inakuja, unasema hii inakuja kwangu, kumbe inaelekea kwenye mtama wa mtu. Mkwe anavuta usukani kulia, yenyewe inavuta kushoto, na ikivuka tuta moja inatikisika mara sita. Mimi shule sikuingia hata kwa dirisha, lakini mpaka sita najua kuhesabu.

Aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Turubai la juu limeshonwa na fundi viatu, na kwa nyuma kuna maneno mekundu, makubwa. Nilimuuliza binti yangu, hayo maneno yanasemaje? Akasema, "Yanasema Mtasema Mchoke, mama." Nikajiuliza, huyu mwanaume anamwambia nani?

Maana kusema nasema, sikatai. Huku kwetu Unyambwa nikikohoa tu watu wanavuta vigoda, wanajua kuna mtu anaigwa. Mwenyekiti wa mtaa nimemuiga mwenyewe akiwa amekaa pale pale. Shehe nimemuiga, katekista nimemuiga, wote wawili walicheka, halafu kila mmoja akanivuta pembeni akaniomba nimuige mwenzake.

Mtu mmoja tu nilikuwa sijawahi kumuiga, awepo asiwepo, naye ni huyo mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kukwepana. Akiniona njiani anahamia njia nyingine, hata kama ina miiba. Akinisalimia anachuchumaa, anatazama kuku, anasema, "Shikamoo mama." Na mimi namjibu yule kuku, "Marahaba." Chakula kikiiva anamwambia mke wake, "Mwambie mama aje ale," na mimi nimekaa hapo hapo, masikio mawili, siyo kiziwi. Ndiyo heshima. Nimeikuta, nitaiacha.

Sasa dada yangu mkubwa akavunjika nyonga ya kushoto. Alikuwa anafukuza mbuzi kwenye mtama alioanika uani. Mbuzi hakuumia. Hospitali wakampasua, wakamtia chuma, wakanipa nikae naye kwangu kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na barabara. Kuna binti pale hospitali kazi yake ni kunyoosha watu miguu, mwembamba, sauti ya puani, anaongea kama anatoa tangazo la msiba: "Bibiii, nisikilize. Uje kila Jumanne, wiki sita. Ukinyooshwa, utatembea. Ukikaa nyumbani, mguu utakauka hivyo hivyo ulivyo, na hapo mimi sitakuwa na dawa." Dada akamjibu, "Nitakuja, mjukuu wangu. Nina shamba la alizeti, nani atalitazama?"

Basi mkwe akajitolea kutubeba. Hakusema kwangu, alimwambia binti yangu amwambie mama.

Kukaa kwetu kwenye bajaji kulikuwa hivi. Dada ni mwembamba kama mpini wa jembe, yeye anatangulia anasogea mpaka kulia. Mimi sijakonda tangu nizaliwe, nakaa kushoto, kikapu miguuni. Pale kushoto ni pangu tangu bajaji ile iletwe, karibu mwaka mzima. Kwa nini kushoto? Kwa sababu watu wako kushoto! Ukikaa kulia utaona nini? Malori. Kushoto unamuona nani kashona gauni, nani katoka kwenye mlango usio wake, nani ananuna. Unasalimia, unasalimiwa, unachukua sauti ya huyu na ya yule, ukifika mjini umeshiba. Na katikati hapakaliki, maana mbele kuna kioo kimening'inia, kina maua ya plastiki pembeni, na ukikaa katikati macho yako na ya dereva yanakutana humo. Mama mkwe na mkwe kutazamana machoni kutoka Unyambwa mpaka mjini? Bora niende kwa magoti.

Jumanne ya kwanza ilitutia adabu. Barabara yetu kabla ya lami ni mawe na makorongo. Kila shimo, bajaji inalala kushoto, dada anaporomoka kutoka kulia ananiangukia, na kinachotangulia kunigonga ni ile nyonga yenye chuma. Dada yangu amezaa watoto saba na majirani hawakusikia hata mguno. Siku ile alilia. Tuliporudi akalala chali, akaniambia, "Jumanne ijayo siendi. Mguu ukae unavyotaka kukaa."

Mkwe alikuwa mlangoni, akasikia. Kesho yake asubuhi anaipeleka bajaji kwa fundi, na mimi nikapanda, kushoto kwangu, kwenda kumsimamia fundi asije akamdanganya. Mwanaume asiyeweza kumtazama mtu usoni atadanganywa tu.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa mjini, suruali imeshuka, anatafuna kijiti. "Bi mkubwa, shikamoo! Relaksi. Hapa ni mambo madogo. Shokapu za nyuma zimekufa zote, cheki, hii inatoa mpaka oili. Tunachomoa, tunapachika mpya, chap, unaondoka unateleza!" Kweli akapachika mpya mbili. Mkwe akaijaribu peke yake, akaizungusha mpaka kule kwenye mashine ya kukamua alizeti na kurudi. Ikaenda imenyooka kama uzi. Aliporudi nilimuona ameshuka taratibu, ameitazama ile bajaji, kisha akatazama kile kiti chake cha nyuma kwa muda, kisha akatazama chini. Nikasema moyoni, huyu naye, gari limepona ananuna nini.

Nikapanda, tukaenda nyumbani. Siku mbili ikaenda vizuri. Ya tatu ikaanza kuinama kidogo, kama mtu anayetaka kukuambia siri. Kufika Jumanne, tumembeleza dada, amekubali kwa kuwa nilimuapia kwamba imepona, hatujafika hata kwenye lami, puu! akaniangukia. Akasema neno moja tu, "Rudi." Mkwe akageuza. Jumanne ikapotea.

Jioni ile ile binti wa mazoezi akapiga simu. "Bibiii, mbona hatujakuona? Mguu haungoji mtu." Dada akaikata simu, akanirudishia.

Fundi wa pili ni wa duka la vipuri, wale ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani. Anaongea kama anakumiminia asali, na wewe unasubiri kijiko kijae. "Karibu bibi yangu, karibu sana, pita hapa kivulini, upewe maji. Eeh. Sasa, bibi yangu, mimi nitakueleza kwa utaratibu. Hawa wenzetu wanapenda kuisingizia nyuma. Nyuma haina kosa. Kinachovuta ni mbele. Gololi za usukani zimejichimbia njia yake zenyewe, ndiyo maana chombo kinapenda upande mmoja. Umenifahamu, bibi yangu?" Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nimekufahamu, mjukuu wangu, eeh." Akacheka. Mkwe hakucheka. Mkwe alifungua mdomo kama anataka kumwambia kitu yule fundi, akanitazama viatu, akaufunga.

Gololi zikabadilishwa, usukani ukawa mlaini hata mtoto angeuzungusha kwa kidole. Mlaini kweli. Zamani bajaji ilikuwa inakwenda porini kwa ubishi, sasa ikawa inakwenda kwa adabu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikulifanya miaka yote. Nilikuwa bombani na wanawake wenzangu, ndoo zimepanga foleni, wakaniuliza bajaji imeponaje. Nikasema, bajaji ni nzima, mgonjwa ni dereva. Nikachuchumaa, nikatazama chini, nikakunja mabega, nikasema kwa sauti yake, "Mwa... mwambie mama... mwambie mama akae vizuri, na... naomba radhi, hili ni shimo... na lile pia ni shimo." Nikashika usukani wa hewa, nikajipeleka kushoto mpaka nikagonga ndoo ya mtu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Binti yangu alikuwa kwenye foleni. Yeye hakucheka. Alijitwisha ndoo ikiwa nusu, akaondoka.

Jumanne nyingine dada hakuvaa hata kanga ya kutokea. Aligeukia ukuta. Nilimgusa goti, gumu kama mchi wa kinu. Zamani asubuhi alikuwa ananiuliza mkongojo uko wapi. Siku zile hakuuliza.

Nikamwambia binti yangu, mwambie mume wako tuipeleke kwa Msukuma.

Yule Msukuma yuko njia panda, anaunga majembe ya ng'ombe na mikokoteni, cheche zinaruka kutwa. Mtu hampelekei bajaji. Lakini Wasukuma ni watani zetu, na mtani hana haya, nikasema afadhali nidanganywe na mtu wa kutukanana naye. Tulipofika hata hakusalimia.

"We Mnyaturu! Hiyo umeiiba wapi, bhana?"

"Kwa mama yako," nikamjibu. "Alikuwa anaitumia kufugia kuku."

"Shuka nione."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo ya Mnyaturu? Ngoja kwanza ukomae." Na nywele zangu nyeupe hivi!

Akazunguka bajaji. Hakushika spana. Akabonyeza matairi kwa gumba, akaona upepo uko sawa. Akaenda nyuma, kona ya kulia, akaikandamiza kwa mikono miwili akaiachia: ikapanda, ikatulia. Akaja kona ya kushoto, akakandamiza, akaachia: ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mtu mwenye kwikwi. Akalala chini, akashika gurudumu la kushoto akalitingisha huku na huku, likalia ko-ko-ko.

"Bushi, hii raba ya ndani, imeliwa yote," akasema toka kule chini. "Na huu mkono unaoshika gurudumu umeanza ufa hapa. Shokapu mlibadili lini?"

Mkwe akasema, juzijuzi, wiki hazijafika tatu.

"Zote mbili siku moja?"

"Zote."

"Ya kulia nzima, ya kushoto imekufa." Akatoka chini, akajipangusa mavumbi. "Hiyo siyo shokapu, bhana. Shokapu mpya haifi peke yake, inauawa. Mimi natengeneza mikokoteni. Mkokoteni ukilalia upande sitazami gurudumu kwanza. Natazama wamepakia nini."

Akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bati la juu yake. Kulia vidole vinne. Kushoto vitatu. Akanigeukia.

"Bibi, panda. Kaa unapokaaga."

Nikapanda, kushoto kwangu, nikaweka na kikapu. Akapima. Kulia vinne. Kushoto akajaribu kidole, kikagoma. Akajaribu kile kidogo, kikagoma.

"Haya, hamia kulia."

Nikahamia. Akapima. Akapiga mkono wake kwenye paja akacheka kicheko cha ng'ombe anayekohoa. "Gonjwa limehama! Limeenda na mwenyewe!" Akakigonga kile kiti pale nilipotoka. Sponji ilikuwa na shimo, la umbo langu, hata kuku angetaga mle. "Wanyaturu nyie, mmehangaika na shokapu, mmehangaika na usukani, ng'ombe mwenyewe amekaa ndani mnamtazama!"

Mimi niliyewahi kuiga watu wote wa njia ile, nikashuka. Nikamtafuta mkwe. Mkwe alikuwa amekwenda nyuma ya rundo la vyuma chakavu, amenipa mgongo, anatazama milima ya mawe kama kuna mtu kamwita kule.

Nikamwambia yule Msukuma, "Muulize huyo, alijua?"

Msukuma akapaza sauti, "Anauliza ulijua?"

Toka nyuma ya vyuma, "Mwambie mama, ndiyo."

"Muulize tangu lini."

"Tangu lini, anasema!"

"Mwambie, tangu fundi wa kwanza. Nilipoijaribu peke yangu."

"Muulize kwa nini hakusema!"

"Aa, nyie watu, mama yupo hapa na masikio kama ya punda, mnanifanya mimi simu!" Lakini akauliza.

Mkwe akasema, na hapo sauti yake haikuwa ile niliyoiiga bombani, "Ningemwambiaje mama mkwe wangu kwamba ni mzito?"

Basi. Alibadili shokapu, akabadili gololi, alibadili kila kitu kwenye ile bajaji kasoro mimi. Na mimi nilikuwa nimewaambia wanawake wote wa bombani kwamba hajui kuendesha. Heshima yake na mdomo wangu, katikati mguu wa dada yangu unakauka.

Yule mtani alitia bushi mpya, akauunga ule mkono wa gurudumu pale penye ufa akaongeza kipande cha chuma, akabadili shokapu ya kushoto. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Bibi, wewe ni wa katikati sasa. Magunia mazito yote tunayaweka katikati." Nikamwambia mama yake ndiye gunia. Lakini nilikaa katikati.

Nyumbani nikaenda kwa dada pale anapotazama ukuta. Nikamwambia, unajua nini kinainamisha bajaji? Bila kugeuka akasema, "Wewe."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakuangukia mimi, nisijue?"

"Mkwe, haya, ana adabu zake. Wewe dada yangu, ulishindwa nini kusema?"

"Ungenuna," akasema. "Ukinuna huigi watu. Mguu uume, na njia nzima iwe kimya? Vyote viwili siviwezi. Nikaona bora nisiende kabisa."

Nilikaa kitandani pake. Kitanda nacho kikainama. Akasema, "Unaona?" Tukacheka mpaka akanifinya nimuache, nyonga inauma.

Jumanne tukaenda. Dada kulia, mguu kaunyoosha, mimi katikati, kikapu mapajani, kanga nimeivuta mpaka puani. Nikajiandaa kutazamana na yale macho. Kumbe mkwe alishakizungusha kile kioo cha maua, kinatazama chini kwenye pedeli zake, akabaki na vile vya pembeni. Sikuona mtu hata mmoja njia nzima, niliona shingo yake tu. Ina kovu dogo chini ya sikio. Miaka yote hii sikulijua. Kwenye lile shimo kubwa kabla ya lami nilimshika dada kwa mkono, bajaji ikashuka, ikapanda, ikatulia. Dada akabaki kulia kwake.

Binti wa mazoezi alitusema. "Bibiii! Jumanne mbili! Sasa tunaanza upya, na siahidi kitu." Na hakika hakukuwa na ahadi. Wiki ya kwanza goti halikukunjika hata kidogo. Ya pili lilikunjika na dada akamtukana yule binti kwa Kinyaturu, namshukuru Mungu binti ni wa kuja. Wiki sita zikaisha, wakatuongezea nyingine. Na mimi nilirudi bombani siku moja, foleni ikiwa ndefu, nikamuiga yule Msukuma anavyopima vidole na kukuta hakiingii hata kile kidogo. Mwanzo mpaka mwisho, pamoja na lile la ng'ombe. Safari hii binti yangu alicheka, ndoo ikiwa kichwani.

Jumanne iliyopita dada alitoka ndani na mkongojo, hatua zake mwenyewe, moja, moja. Nikaenda kumshika akanipiga mkono. Akafika kwenye bajaji, akasimama mlangoni. Siku zote yeye ndiye anatangulia kuingia. Akaniambia, "Tangulia wewe."

Nikapanda, nikasogea katikati. Naye akapanda kwa taratibu yake, akakaa kushoto.

"Hapo pangu," nikasema.

"Pako ni katikati," akasema. "Mtani wako amesema."

Na ni mwepesi, bajaji haikuinama hata unywele. Njia nzima anachungulia nje, anasalimia watu, anauliza habari za ng'ombe. Tulipopita kwa mwenyekiti wa mtaa dada akakohoa, akaanza kumuiga. Halafu akamuiga katekista. Halafu fundi wa pwani. Anaiga vibaya sana dada yangu, wote sauti zao ni moja, na ni ya kwake. Nilikuwa nataka kumrekebisha, nikaona mbele yangu shingo ya mkwe inatikisika.

Na hapo tulikuwa tumeshaingia kwenye lami, hakuna shimo hata moja.